Robo Tangi

Ilikuwa kona ndefu, ya kushoto,
nyuma ya kinu cha pamba kilichokufa, kule Igoma.
Si kila mzunguko. Mzunguko wa nne, wa tano,
mafuta yakishashuka robo,
gari linaingia likinguruma, linatoka likikohoa
kama mtu aliyepaliwa.

Nyanjige akavua helmeti, hakunitazama.
"Fundi Lugembe, mbele ya watu wa Bukoba!"

Tukabadilisha plagi. Tukabadilisha koili.
Tukalaumu sheli, tukalaumu waya,
tukalaumu kijana aliyebeba dumu.
Mlinzi wa kiwanja akasema kona ina mwenyewe,
mtu aliyeangukiwa na robota enzi za neema ya pamba,
tummwagie chochote.
Tukammwagia soda.
Injini ikakata palepale.
Labda, nikasema, hapendi ya machungwa.

Wiki iliyofuata hatukucheka:
pistoni ya tatu ilitoboka katikati,
tundu la kupitisha kidole.
Mafuta yakipungua, moto haupungui,
moto unazidi.
Mwenye duka la vipuri nilimweleza mara mbili
akaendelea kuhesabu noti.

Basi nikang'oa kiti cha nyuma,
nikafunika mdomo wa tangi kwa plastiki angavu,
nikalala kifudifudi, tochi mkononi,
nikamwambia: Nenda. Usinionee huruma.

Kwenye mstari ulionyooka yalikaa kwa adabu.
Tukaingia kona,
dunia ikalalia kulia,
na mafuta yote, yote, yakahama,
yakaparamia ukuta wa mbali yakajibana huko,
pampu ikabaki kushoto, imeachama,
inanyonya hewa tupu,
na lita kumi ziko shubiri mbili pembeni.

Nikacheka hadi nikagonga kichwa.
Nyanjige akadhani nimeumia, akafunga breki.

Ningemwelezaje?
Kwetu Mabatini, juu kabisa, kwenye majabali,
bomba lina kutu mwaka wa pili huu,
na kila asubuhi nikipiga mswaki kwa kikombe kimoja
naliona ziwa lote,
kivuko cha Kamanga kikilichana taratibu.
Tangi lile nalijua.
Nimekulia ndani yake.

Mama alipandisha ndoo kichwani, jiwe kwa jiwe,
vichochoro vyenye kona za kuvunja shingo,
na juu ya maji aliweka tawi la mpera.
Nilidhani ni la kuzuia vumbi.
"Maji ni kama watoto wa shule," akasema,
"yakikosa wa kuyagawa yanakimbilia upande mmoja."

Sikuagiza kitu Nairobi.
Nililiosha tangi siku tatu kwa sabuni na maji ya moto,
maana mvuke wa petroli hauna utani na fundi wa kuchomelea,
kisha nikajenga ndani yake kisanduku,
kuta nne kuizunguka pampu,
na chini vilango vya bawaba vinavyofunguka kwa ndani tu.
Mgono ule ule wa babu yangu kule Ukerewe:
samaki anaingia,
kutoka hajui.

Jumapili akaipiga ile kona mara kumi na mbili.
Nilisimama ukutani, sikio tu, macho nimefumba.
Sauti moja, ndefu, kama kitenge kinachochanwa
bila mkasi kukwama.

Alikuwa wa tatu. Tairi lilimwangusha,
na watu wa Bukoba walishangilia wakanunua soda,
na mlinzi anamwambia kila anayepita
kuwa ni ile ya machungwa ndiyo iliyofanya kazi.

Usiku nikapanda nyumbani, mikono inanuka petroli,
ziwa jeusi chini yangu, limejaa,
limelalia upande wake.
Nikafungua bomba, kwa mazoea tu.

Likakohoa.